Kesses: Mkono Ndani ya Rundo

Anayetoka Mombasa kwenda Kesses hana haja ya kufika Eldoret mjini. Hilo sikulijua. Basi la kutoka Nairobi hupita Nakuru, likapanda taratibu hadi Timboroa ambako abiria wote hufunga madirisha, likashuka Burnt Forest, kisha likafika Cheptiret. Hapo ndipo mtu huteremka akashika matatu ya kuingia ndani, kati ya mashamba ya mahindi na ngano, hadi Chuo Kikuu cha Moi. Mimi nilipitiliza mpaka mjini nikalazimika kurudi nyuma, na kikapu changu cha achari na visheti mapajani, na baridi ikinipenya buibui kana kwamba sikuvaa kitu.

Nilikwenda kumtazama binti yangu. Yuko mwaka wa tatu katika Idara ya Uhandisi wa Utengenezaji, Viwanda na Nguo. Alipochaguliwa, shangazi zake waliuliza, “Kwani hapa Mombasa hakuna mafundi cherehani wa kumfundisha?” Wengine waliuliza lililo zito zaidi: mtoto wa kike, mbali na kwao, katikati ya mitambo, atasali wapi na atakaa na nani? Sitawalaumu. Nami niliyauliza hayo usiku, peke yangu. Nilimkuta ana wenzake wa Garissa na Kwale, wana mswala wao na zamu yao ya kupika, na jiko lao linanukia bizari kuliko langu.

Chuo hiki kilianzishwa mwaka 1984, kikiwa cha pili miongoni mwa vyuo vikuu vya umma nchini, na tangu mwanzo kilikusudiwa kuelekea sayansi na teknolojia. Lakini mlango wa kuyaelewa masomo ya binti yangu uko Eldoret, katika kiwanda cha Rivatex. Kiwanda hicho kilianza miaka ya 1970, kikaajiri watu wengi, kisha soko likafunguliwa, mitumba na vitambaa vya nje vikamiminika, na mwisho kikafungwa. Mwaka 2007 chuo kikakinunua. Mitambo mipya ilipatikana kwa mkopo wa Serikali ya India, na Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta akakizindua upya. Ni nadra chuo kumiliki kiwanda kinachopokea pamba upande mmoja na kutoa kitambaa upande wa pili: kusokota, kufuma, kutia rangi, kuchapa. Kwetu Pwani pamba hulimwa Lamu na Tana River, hivyo habari hii si ya watu wa bara peke yao.

Jioni, tukinywa chai ya maziwa mazito ya huko, nilimwambia anieleze kwa lugha ya sokoni anasomea nini hasa. Akaanza na maji.

Pamba, alisema, hunywa unyevu wa hewa. Pamba ileile ikipimwa Mombasa wakati wa masika na ikapimwa Kesses wakati wa kiangazi, mizani haitasema neno moja. Hata nguvu ya uzi hubadilika, kwani uzi wa pamba ukilowa huwa mgumu zaidi kukatika. Ndiyo maana maabara ya nguo huwa na chumba kisicho cha pwani wala cha bara: joto nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu asilimia 65, mchana na usiku, na kitambaa hulazwa humo kwanza kabla hakijapimwa. Na katika biashara kuna kiwango kilichokubaliwa: kilo 100 za pamba iliyokaushwa kabisa zinaruhusiwa kubeba kilo 8.5 za maji. Yakizidi hapo, mnunuzi analipia maji kwa bei ya pamba.

Nikaweka kikombe chini. Sote tunakijua kisa alichokisimulia Abu Huraira, Mwenyezi Mungu amwie radhi, kilichomo katika Sahih Muslim: Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asikiweke kilicholowa juu, watu wakakiona. Nimekisikia kisa hiki kwenye darsa tangu utotoni na daima nilimtazama muuzaji. Siku ile niliutazama mkono. Haukuridhika na uso wa rundo.

Binti alicheka akasema ndiyo kazi yenyewe: huwezi kufumua robota zima, basi unachagua sampuli bila kuchagua iliyo nzuri, unaipima, na kwa hiyo unalihukumu rundo. Akanieleza pia chati aliyoibuni Mmarekani Walter Shewhart mwaka 1924, yenye mstari wa kati na mipaka miwili. Vipimo vya uzi huchorwa humo saa baada ya saa. Vikiyumba ndani ya mipaka, mtambo huachwa. Kimoja kikitoka nje, sababu hutafutwa mara moja. Hapo sikuhitaji mwalimu. Mpishi wa mahamri anayepunguza na kuongeza moto kwa kila hamri moja huharibu karai zima. Anayejua huacha, akaingilia pale tu mafuta yanapoanza kutoa moshi.

Sasa niseme lililonipeleka na leso kikapuni. Nauza leso nyumbani. Mwaka huu nilipokea mzigo wa leso nzuri kwa macho, nyekundu na nyeusi, na baada ya kuuza kadhaa nikasikia kwamba zinatoa rangi. Dada mmoja alizivaa harusini, mvua ikanyesha, kanzu ya mumewe ikawa ya waridi. Zilinibakia jozi 23, nami moyoni nilikuwa nimekwisha kuamua kuziuza kimyakimya siku za kuelekea Idi, wakati hakuna mwenye nafasi ya kuuliza.

Binti alikata kipande kwenye pindo, akakishonea kitambaa cheupe, akavitia pamoja katika maji moto ya sabuni na kuvisukasuka kwa nusu saa. Maabarani, alisema, weupe uliochafuka hulinganishwa na kipimo cha rangi ya kijivu kuanzia 1 hadi 5, na 5 ni usafi kamili. Wetu ulitoka mwekundu. “Hii, mama, mbili. Nikikuonea huruma.”

Kasoro haikuwa katika rangi. Rangi nyingi za pamba hushikana na uzi wenyewe, ila sehemu yake hushindwa kushika ikabaki imekaa juu tu, kama mgeni asiyevua viatu. Hiyo hutakiwa kuondolewa kiwandani kwa kufuliwa na sabuni katika maji moto, mara kadhaa. Anayetaka kuokoa maji na kuni huruka hatua hiyo, na leso hutoka kiwandani ikiwa inang'aa vilevile. Uso wa rundo.

Nilirudi kwa treni na kile kitambaa cheupe mkobani. Nimekitundika juu ya zile leso, ubavuni mwa moja iliyokwisha kufuliwa, na bei nimeikata nusu. Wateja wa kwanza walidhani ni mzaha. Mmoja akashika, akanusa, akauliza hasa kasoro ni nini, kisha akanunua mbili za kufunga jikoni. Wale niliowauzia kabla ya safari ninawatafuta; watatu nimewapata na kuwarudishia fedha zao, wa nne amehamia Malindi. Zimesalia jozi 14.