Miaka Mitano na Gari Lisilonguruma

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gari la umeme nchini Kenya lingali mgeni, na mengi yanayoandikwa kulihusu ni ya siku ile ya kwanza na ya pili: uzinduzi, hotuba, na picha ya mheshimiwa aliyeshika usukani wa gari asilokusudia kulinunua. Yanayotukia baada ya mgeni kukabidhiwa jembe hayaandikwi sana. Mwalimu wa hisabati anayezungumziwa hapa, mkazi wa Kikuyu anayefundisha Nairobi, amelima na mgeni huyo kwa zaidi ya miaka mitano, na ukimuuliza kama alifanya vyema kulinunua, hukuuliza kwanza wazazi wako wanaishi wapi.

Gari lenyewe ni Nissan Leaf iliyoundwa mwaka 2013. Aina hiyo ilianza kuuzwa Japani na Marekani Desemba 2010, na betri zake za awali zilikuwa na uwezo wa uniti 24 za umeme zikiwa mpya. Wakazi wa Nairobi walianza kuzizoea mwaka 2018 kupitia teksi za NopeaRide, kampuni iliyofunga kazi mwishoni mwa 2022. Mwalimu alipanda mojawapo siku moja ya mvua, akaketi nyuma akisikiliza ukimya, na kabla ya kushuka alikwisha kumuuliza dereva bei. Mwaka 2019 serikali ilipunguza ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10. Mwaka uliofuata Mwalimu akachukua mkopo katika sako yake, akaagiza gari lililokwisha kutumika, lenye umri wa miaka saba, mmoja tu chini ya ile minane ambayo kanuni za Kenya huruhusu.

Gari likaja na lugha yake. Kila alfajiri lilimwamkia kwa Kijapani, kwa sauti ya kike yenye adabu nyingi, na hadi leo Mwalimu hajui huambiwa nini hasa. Redio nayo, kama zilivyo nyingi za Kijapani, ilikomea masafa ya 90, ilhali stesheni nyingi za Nairobi ziko juu ya hapo. Wenzake walimshauri aipeleke kwa fundi ikaongezewe kifaa. Hakuipeleka. Baada ya miaka kumi na mitano ya matatu alikuwa na kiu ya kutosikia chochote.

Kikuyu kuko juu kuliko Nairobi, na katika jambo hilo dogo la jiografia ndimo ilimofichika siri ya mapenzi ya Mwalimu kwa gari lake. Gari la petroli linaposhuka mlima, nguvu ya mteremko huteketea katika breki na kuwa joto la bure. Katika gari la umeme, dereva akiondoa mguu kwenye kichapuzi, mota hugeuka kuwa jenereta: magurudumu huizungusha, nayo hurudisha umeme katika betri. Haurudi wote, lakini unaorudi si haba. Asubuhi, basi, Mwalimu huteremka hadi shuleni akitumia umeme kidogo mno, na jioni hulipa deni akipanda. Alipoanza kufundisha somo la nishati katika kidato cha pili, akimsaidia mwenzake wa fizikia aliyekuwa likizo, alipiga hesabu ubaoni: gari lenye uzito wa kilo 1,600 likipanda mita 100 wima hula karibu nusu uniti ya umeme juu ya ile ya mwendo wa kawaida. Nusu uniti ni kama kilomita tatu za barabara tambarare. Tangu siku hiyo kila mlima una bei yake kichwani mwake.

Kwa matumizi ya kila siku, gari hili ni hazina, na anayelibeza pengine hajalilinganisha. Kutoka Kikuyu hadi shuleni na kurudi ni kilomita zipatazo 40, ambazo hutafuna takriban uniti sita. Kwa shilingi 30 hivi kwa uniti, hiyo ni shilingi 180. Mnamo Septemba 2023, lita ya petroli ilipovuka shilingi 210 jijini Nairobi, jirani yake mwenye gari dogo la petroli alikuwa akitumia zaidi ya 600 kwa safari iyo hiyo. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha, hakuna plagi, hakuna mkanda wa kukatika. Breki nazo huchelewa kuisha, kwa kuwa mota huzifanyia sehemu kubwa ya kazi. Usiku waya huchomekwa katika soketi ya kawaida ukutani, na betri iliyokaribia kwisha huhitaji saa nane hadi kumi ili ijae. Kero iko kwenye tokeni: gari peke yake hula zaidi ya uniti 130 kwa mwezi, na nyumba ikizidi uniti 100 huhamia daraja la bei ya juu. Mwaka 2023 ilianzishwa bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku kabla ya kodi na tozo, lakini mpangaji katika ploti yenye mita za watu wanane hana mlango wa kuifikia bei hiyo.

Hayo ni ya Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ni mambo mengine.

Baba yake Mwalimu anaishi Naivasha, kilomita 75 hivi kutoka Kikuyu kwa njia ya Mai Mahiu. Ni dereva wa lori mstaafu, aliyeipanda na kuishuka kingo ya Bonde la Ufa kwa miaka thelathini, na ambaye humwita binti yake "Mama", kwa kuwa amepewa jina la mama yake mzazi. Gari lilipofika mara ya kwanza langoni, Mzee hakutoka nje, kwani hakusikia kitu. Alimkuta bintiye amekwisha kusimama sebuleni.

"Mama, gari lisilonguruma litamwambiaje mbuzi atoke njiani?" aliuliza.

Siku iliyofuata alikubali kupandishwa. Walipofika kwenye mteremko, mkono wake wa kushoto ulianza kutafuta gia ambayo haikuwepo. Dereva wa lori hushuka mlima kwa gia ndogo ili injini izuie mwendo, asije akaunguza breki. Bintiye alimwonyesha kwenye dashibodi jinsi gari lilivyokuwa likijizuia lenyewe, na jinsi umeme ulivyokuwa ukirejea. Mzee alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kwa miaka thelathini alikuwa akiimwaga pesa ile mlimani, na kumbe ilikuwa inaokoteka.

Jambo jingine lilimfurahisha zaidi. Kutoka kwake huonekana, siku za anga safi, mvuke mweupe ukipaa upande wa Olkaria. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi ulianza kazi huko mwaka 1981, ukiwa na megawati 15 tu, naye aliwahi kupeleka shehena ya mabomba. Leo jotoardhi huzalisha zaidi ya theluthi ya umeme wa Kenya, na ukiongeza maji, upepo na jua, sehemu kubwa kabisa ya umeme wa taifa haichomi mafuta. Bintiye alipopitisha waya katika dirisha la jikoni ili gari lilale likichaji, Mzee aliwaeleza majirani kwamba gari la mtoto wake linakunywa mvuke wa Olkaria. Usemi huo ulikuwa na chumvi kidogo, kwani umeme wa gridi huchanganyika, lakini hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha.

Katika gari hilo, betri ina mistari midogo 12 inayoonyesha afya yake, mbali na ile ya kiasi cha chaji. Hii ndiyo mistari ambayo mnunuzi wa gari la umeme lililotumika anapaswa kuiuliza kabla ya kuuliza rangi. Mstari wa kwanza hupotea betri inapokuwa imepungukiwa na takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila mmoja unaofuata huondoka na asilimia sita hivi. Betri ya lithiamu huzeeka hata ikitunzwa vipi: hupunguzwa na miaka, na idadi ya kuchajiwa, na zaidi ya yote joto. Mwaka 2012 wamiliki wa gari aina hii huko Arizona, Marekani, ambako kiangazi ni kama tanuri, waliona mistari ikipotea mapema mno, kwa kuwa betri yake haina mfumo wa kupozwa kwa maji. Baridi ya Kikuyu imekuwa na huruma zaidi. Hata hivyo, gari lililokuja na mistari 10 mwaka 2020 lilikuwa na tisa mwaka 2022 na nane mwaka 2024.

Mtu mwingine angeona mistari. Mwalimu huona duara. Nyumba yake ni kitovu, chaji ni nusu kipenyo, na kila mstari unapozimika duara husinyaa. Machakos ilitoka nje ya duara mwaka 2022. Naivasha ilibaki ukingoni, ikining'inia. Alianza kusafiri bila kuwasha kipasha joto, hata Limuru inapofunikwa na ukungu wa Julai, kwa kuwa kipasha joto hunywa umeme kwa pupa; shuka ya Kimaasai ikawa sehemu ya vifaa vya gari.

Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, alikuwa ametoka mjini kununua vitabu vya muhula wa tatu. Alifika nyumbani jioni betri ikiwa na kilomita 35, akachomeka waya baada ya chakula cha jioni. Karibu na saa nne usiku umeme ukakatika. Haukuwa ule wa kukatika mtaa mmoja: karibu nchi nzima iliingia gizani usiku huo. Saa sita kasorobo simu ililia. Jirani wa Naivasha alisema Mzee hapumui vizuri.

Hesabu hazikuhitaji ubao. Kilomita 75, na mwinuko wa Limuru kabla ya mteremko wowote. Alisimama uani na ufunguo mkononi, karibu na gari ambalo halikuwa na ubovu wowote, lililoosha taa zake Alhamisi, na ambalo lisingemfikisha hata Mai Mahiu. Gari la petroli lingekuwa na tanki nusu, au lingetiwa mafuta kwenye kituo chenye jenereta. Jirani akamtia Mzee kwenye Probox, akampeleka hospitalini. Mwalimu aliondoka kwa matatu ya kwanza alfajiri, na alipofika alimkuta amewekewa oksijeni. Ilikuwa nimonia. Alilazwa siku tisa, akapona.

Ndugu zake hawakulinyamazia jambo hilo. Kaka mkubwa alisema wazi, kando ya kitanda, kwamba gari lisiloweza kumfikia mzazi usiku ni pambo. Mzee aliondoa barakoa ya oksijeni ili ajibu. Alisema hata lori lake lilipata kulala njiani siku tatu kwa kukosa dizeli, mwaka wa uhaba, na hakuna aliyeliita pambo. Bintiye alishukuru, lakini hakushawishika. Kaka alikuwa na haki, angalau kwa sehemu.

Tangu wakati huo gari halishuki chini ya nusu. Hata akifika kwa jirani tu, akirudi huchomeka waya. Nusu hiyo ni ya Baba, haiguswi. Matokeo yake ni kwamba, kati ya betri iliyobakiwa na theluthi mbili ya ujana wake, Mwalimu hutumia nusu. Ameulizia betri nyingine, na jibu analopewa ni bei inayokaribia ile aliyonunulia gari zima. Ameulizia pia kuliuza, na wanunuzi sasa wameerevuka. Huanza kwa kuhesabu mistari. Amebakiwa na deni la sako la miezi michache, na baada ya hapo, asema, ataamua.

Kwa sasa safari ya kurudi kutoka Naivasha ina kituo. Akiwa na mistari minane hathubutu kuikabili kingo bila kuongeza chaji, kwa hiyo husimama Mai Mahiu kwenye hoteli moja ya chai, yenye soketi karibu na dirisha. Saa mbili humpa uniti nne na ushei, zinazotosha kupanda. Mwenye hoteli humtoza shilingi 200, chai juu yake. Hapo ndipo anaposahihishia madaftari, meza ya pembeni, huku madereva wa malori wakiingia na kutoka na kuulizana ni la nani hilo gari lililofungwa kamba kama mbuzi. Mzee amekwisha kujua muda huo. Hupiga simu saa tisa kamili na kuuliza lina ngapi sasa.