Bibi Yangu Anafanya Biashara ya Nafaka

Usiku wa kwanza hosteli, mwaka wa kwanza, tulijuana kwa maswali yale yale: unatoka wapi, ulisoma kombi gani, nani anakusomesha. Nikasema natoka Mugumu, Serengeti, nimesoma CBG, na aliyenisomesha mpaka fomu sikisi ni bibi yangu.

"Bibi anafanya kazi gani?"

"Anafanya biashara ya nafaka."

Si uongo kabisa. Bibi ananunua ulezi na mahindi kwa gunia. Ila hauzi nafaka. Anapika pombe.

Nilikaa na jibu hilo mwaka mzima na zaidi. Nadhani wengi mnaosoma hapa mna jibu lenu la namna hiyo. Sitawauliza.

Machi ya mwaka wa pili, boom lilipoingia, watu wanane wa kozi yetu tukakubaliana twende Hombolo kuona mashamba ya zabibu. Ilikuwa aibu kukaa Dodoma muda wote huo na zabibu tunazijua za kwenye beseni tu. Hombolo ni kama kilomita 40 kutoka mjini. Mzee mmoja mwenye shamba na kiwanda kidogo alikubali kutuzungusha na kutuonjesha mvinyo wake kwa elfu kumi kila mtu.

Nilitarajia milima ya kijani kama ya kwenye filamu. Nikakuta udongo mwekundu, jua la kupasua kichwa, na mizabibu mifupi iliyotambazwa juu ya nyaya zilizovutwa kati ya nguzo. Vichala vilikuwa vimejificha chini ya majani, vyeusi, vimejaa vumbi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wajukuu zangu. Kuleni, lakini msimalize."

Alitueleza kwamba Ulaya wanavuna mara moja kwa mwaka kwa sababu baridi inaulaza mzabibu. Dodoma hakuna baridi ya hivyo, kwa hiyo anayeulaza na kuuamsha ni mkulima mwenyewe, kwa mkasi. Akipogoa, unaanza upya. Ndiyo maana wao wanavuna mara mbili: msimu mmoja ni huu wa Februari na Machi, mwingine unaanza Agosti. Mvua ya Dodoma haifiki milimita 600 kwa mwaka, na ukavu huo huo unaotesa mahindi ndio unaoipa zabibu sukari. Shida yake, alisema, ni soko kuliko shamba. Zabibu ikiiva haisubiri, na mnunuzi analijua hilo. Akachoka kubembeleza, akaanza kukamua mwenyewe. Sehemu kubwa anaiuza kwa jumla kabla haijatiwa kwenye chupa. Wenyewe Dodoma wanaiita mchuzi wa zabibu.

Tulipoingia kiwandani nilisimama mlangoni. Ile harufu naijua. Ni harufu ya chumba cha nyuma kwa Bibi, siku ya tatu baada ya kuchanganya kimea.

Mzee akatuonyesha pipa lililofungwa vizuri, lakini juu yake limetoka bomba jembamba lililozamishwa kwenye chupa ya maji. Maji yalikuwa yanatoa mapovu, moja moja.

"Nani anajua kwa nini nimefunga, halafu nimeacha njia?"

Kimya. Nikajikuta nimejibu: "Inatoa gesi, mzee. Ukibana kabisa litapasuka. Ukiacha wazi, hewa inaingia na itageuka siki."

Akanigeukia. "Wewe umejulia wapi hayo?"

Nilijulia Mugumu, nikiwa na miaka tisa. Bibi alinituma nifunike dumu, mimi nikakaza mfuniko kwa nguvu zangu zote ili anisifu. Usiku likapasuka. Pombe ya mnada wa wiki ile ikaisha sakafuni. Bibi hakunipiga. Alinikalisha chini, akanieleza kwamba kitu kinachochacha kinapumua kama mtu, na mtu humzibi pua.

Nikamjibu yule mzee: "Nimesoma shuleni. Kemia."

Wenzangu wakanipigia makofi.

Kisha tukaonja. Wawili kati yetu hawanywi, wakapewa juisi ya zabibu. Sisi tukafundishwa: tazama rangi, nusa, ushikilie mdomoni, halafu tema. "Niteme kitu nilichokilipia?" mmoja akauliza, na hakutema hata tone. Mweupe ulikuwa na ukali wa embe bichi. Mwekundu ulinikausha ulimi kama ndizi mbichi. Mzee akasema ni kwa sababu mwekundu unachachushwa pamoja na maganda, mweupe maganda yanatolewa mapema. Wa mwisho ulikuwa mtamu. Huo, alisema, wanauzuia usiendelee kuchacha kabla sukari haijaisha.

Picha zikapigwa. Mshikaji mmoja akainua glasi juu, akasema, "Haya ndiyo maisha. Siyo yale mapombe ya kijijini ya kunywea kwenye ndoo na walevi."

Wote tukacheka. Na mimi nilicheka.

Kabla ya kuondoka nilinunua chupa moja ya ule mtamu, elfu kumi na mbili. Mpaka tunafika hosteli sikuwa najua nimeinunua ya nini.

Julai nilipangiwa mazoezi ya kufundisha kwetu, Mugumu. Nikapanda basi mpaka Mwanza, kesho yake nikapita Bunda na Nata, chupa nimeizungushia suruali ndani ya begi.

"Mume wangu amerudi!" Bibi alinipokea hivyo, kama kawaida yake. Jioni nikampa ile chupa. Akakaa kwenye kigoda, akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai. Akanusa kwanza. Akashikilia mdomoni, macho kayafumba. Akatema pembeni kwenye majivu. Hakuna aliyemfundisha.

"Hii imekatishwa," akasema. "Ilikuwa bado inataka kuendelea."

Nikamwambia ndivyo alivyosema mwenye shamba. Akauliza bei, nikamtajia. Akauliza tena, akidhani hakusikia.

"Na watu wanapanda gari kwenda kuangalia inavyopikwa?"

"Wanaenda, Bibi. Wanalipa."

Akacheka sana. "Huku kwetu wenye magari wanapita kwenda kuangalia simba."

Nikaona hapo ndipo pa kusema. Nikamwambia chuoni nilisema anafanya biashara ya nafaka. Akanitazama. "Si kweli? Nanunua nafaka, nauza nafaka. Yangu tu imelowa."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akakiacha kikombe bila kukimaliza, akainuka kwenda kugeuza kimea ambacho nilikuwa nimeshakigeuza. Nikajua imemuuma.

Sitaki kumfanya Bibi malaika. Nimewaona pale uani wanaume wakinywa pesa ya ng'ombe siku ya mnada, watoto wao wakiwasubiri nje. Wengine Bibi amewafukuza, wengine hakuwafukuza, na ada yangu ilitoka kwa wote. Lakini chupa ya Hombolo nayo inalewesha. Tofauti niliyoiona ni kwamba yule mzee ana bomba la kioo na glasi zenye miguu, akiulizwa anaitwa mtaalamu. Bibi anajua yale yale, na mjukuu wake mwenyewe alisema kayajua shuleni.

Wiki ya tatu ya mazoezi nikafika kwenye mada ya upumuaji usiotumia oksijeni. Nikaweka maji ya uvuguvugu, sukari na hamira kwenye chupa ya soda, nikavisha puto mdomoni. Baada ya muda puto likaanza kusimama. Darasa likachangamka.

Kijana mmoja nyuma akasema, "Mwalimu, hiyo si ndiyo ya kwao huyu!" akimwonyesha kidole msichana wa dawati la pili. Darasa zima likaangua kicheko. Msichana akainamia daftari lake, anaandika kitu ambacho sikuwa nimekisema.

Nikaweka chaki chini. Moyo ulikuwa unadunda kuliko siku ya kukaguliwa.

"Mwalimu wenu amesomeshwa kwa pombe," nikasema. "Bibi yangu anapika, hapa hapa Mugumu. Hili puto, yeye ndiye aliyenifundisha kwanza, nikiwa na miaka tisa."

Kicheko kikakatika. Niliendelea na somo, nikaandika ubaoni glukosi inavyogeuka alkoholi na gesi ya kaboni dioksidi, mkono unatetemeka kidogo.

Kipindi kilipokaribia kwisha, yule msichana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini unga uliochachuka tunaukaanga kwanza ndipo tunachanganya na kimea? Kwa nini usiingie mbichi?"

Nilisimama pale na digrii yangu nusu. Sikuwa na jibu.

"Nitakuletea kesho," nikamwambia. "Leo jioni namuuliza bibi."