"LETE NIKUTUNZIE": Mama wa Kashai aliyejikuta anadaiwa elfu kumi na mwanae

Wadau, kuna benki moja ambayo karibu kila Mbongo aliwahi kuweka hela na hajazitoa mpaka leo. Haina tawi, haina kadi, na ukienda kudai unaulizwa, "Kwani hapa unakula bure?" Ndiyo hiyo hiyo, benki ya mama. Watu wanaicheka sana mtandaoni. Ila kwa mama mmoja wa Kashai, pale Bukoba mjini, kicheko kiliishia kooni.

Mama huyu ana genge. Anauza ndizi, nyanya na dagaa, na Novemba senene wakianza kuanguka ananunua, anakaanga, anauza. Baba watoto ni bodaboda. Wana binti wa miaka tisa na mdogo wake wa miaka sita.

Sasa Desemba si mnajua, Wahaya wa Dar wanarudi nyumbani. Mjomba mtu naye akashuka, na siku ya Krismasi, baada ya kushiba ndizi, akamkabidhi binti mwekundu wa msimbazi. Elfu kumi nzima! Mtoto hajamaliza hata kuikunja, mama kashanyoosha mkono: "Lete mwanangu nikutunzie."

Januari ikaingia. Shule za msingi za serikali hazina ada, na tangu 2016 na sekondari mpaka kidato cha nne hivyo hivyo, lakini daftari, sare na viatu vinanunuliwa. Elfu kumi ikaenda huko. Tena kwa ajili ya mtoto huyo huyo, kwa hiyo hapakuwa na wizi. Shida ni kwamba hakumwambia. Binti alipouliza, akajibiwa kama walivyojibiwa wenzake nchi nzima: "Hela gani? Unajua sukari bei gani wewe?"

Yakaisha. Au ndivyo mama alivyodhani.

Februari akaja mgeni, akampa binti buku. Mtoto hakuingia ndani. Alimshika mdogo wake mkono, mbio mpaka dukani, na waliporudi mifuko ilikuwa mitupu na midomo imejaa biskuti. Mama akapandisha: "Yaani buku zima umelimaliza? Hata mia hujabakiza?"

Binti akamjibu taratibu, wala hakuwa na kiburi: "Mama, ningekupa ungeitunza."

Hapo mama alikosa la kusema. Kumbe mtoto alikuwa amefundishwa kuhusu hela siku nyingi, na somo lilimwingia vizuri: hela ukiiweka inapotea, kwa hiyo ile haraka kabla mkubwa hajaiona. Ukiangalia vijana wangapi mjini mshahara unaingia asubuhi na jioni wameshaumaliza, unajiuliza hilo somo walilipata wapi.

Wiki ile mama akanunua daftari dogo. Ukurasa wa kwanza akaandika: Nadaiwa na mwanangu 10,000. Akamwonyesha, akamweleza ile hela ilinunua nini, akaahidi kulipa buku kila Jumapili.

Majirani walimsema. "Unamdekeza. Mtoto amdai mama yake, wapi na wapi?" Na hoja yao siyo ya kubeza. Nyumba nyingi za uswahilini hela ni ya wote. Ikipungua ya unga, aliye nayo anatoa, awe mkubwa au mdogo. Mama hakukataa hilo. Jibu lake lilikuwa fupi tu: kutoa sawa, ila mwenye nayo aambiwe.

Kuna Jumapili tatu genge lilikuwa limelala kabisa. Mama hakukwepa, aliandika "wiki hii hakuna" na kumwonyesha binti nyanya zilizooza. Mtoto akajua kumbe "sina hela" siyo neno la kumfukuza. Ina sababu, na inaonekana kwa macho. Siku nyingine umeme ulikatika, mama akamwomba buku mbili za LUKU. Binti akakubali, lakini kwa sharti: "Andika kwanza."

Deni likaisha Juni. Binti akanunua mtetea mdogo kwa jirani, elfu nane. Mwezi wa nane kideri kikapita mtaani na kuku akafa. Alilia siku nzima, mama akasema basi, hapa ndiyo mwisho wa kuweka akiba. Jumapili iliyofuata binti akaingiza jero kwenye kibubu chake kama kawaida. Safari hii hela ilipotea mbele ya macho yake, kwa ugonjwa anaoujua jina. Hakuna mtu aliyemwambia "hela gani?"

Wengine watasema mpelekeni benki. Sawa, zipo akaunti za watoto, NMB wana Mtoto Akaunti, CRDB wana Junior Jumbo. Lakini angalia vizuri, benki nayo inakwambia yale yale: lete nikutunzie. Tofauti ni kwamba inakupa karatasi, na ukienda kuuliza inakuonyesha salio. Hicho ndicho mtoto anachohitaji kwa mama, na daftari la shilingi mia chache linatosha. Sarafu za mia, mia mbili na jero zinatosha kuanzia, maana mtoto anazishika na kuzihesabu, tofauti na ile Lipa Namba anayoona mzazi akibonyeza simu tu na mkate unatoka dukani.

Desemba nyingine inakuja, na wajomba wako njiani. Ukimnyooshea mwanao mkono, hakikisha mkono wa pili umeshika kalamu.

Haya wadau, benki ya mama inakudai au unaidai? Tiririka hapo chini, na kama mama yako anasoma, taja kiasi kabisa.