Kutoa Mguu: Mchezo wa Mbwa wa Ughaibuni na Faida Yake katika Pwani ya Rumonge

Kumfundisha mbwa wa nyumbani kuketi, kulala chini, kuzunguka mahali pamoja kwa ishara ya kidole au kutoa mguu wa mbele kana kwamba anasalimia, ni jambo ambalo familia nyingi za Warundi wanaoishi Marekani, Kanada na Ubelgiji hulikuta kwa majirani kabla hazijafikiria kufuga mbwa zenyewe. Machafuko ya Aprili 1972, yaliyoanzia Rumonge na Nyanza-Lac, pamoja na mauaji makubwa yaliyofuata kote nchini Burundi, yaliwafanya watu wengi wa pwani ya Ziwa Tanganyika wakimbilie ng'ambo, na kuanzia 2007 maelfu ya wakimbizi wa 1972 waliokuwa wakiishi kambini Tanzania walihamishiwa Marekani, ambako watoto na wajukuu wao wamekulia katika mitaa yenye mbwa ndani ya sebule. Wazee wanapomwona mbwa akiinua mguu ili apewe kitafunwa, wengi huuhesabu mchezo huo kuwa anasa ya watu wasio na kazi ya kumpa mnyama. Hukumu hiyo inaeleweka, lakini inaiacha pembeni faida ambayo watu wa Rumonge, na wa Bugarama kwenye miteremko inayoelekea ziwani, wanaihitaji kuliko watu wa miji mingi ya ughaibuni.

Mafunzo ya ughaibuni yamezaliwa na ufinyu wa makazi. Mbwa anayelala katika nyumba ya ghorofa, anayeshuka kwa lifti pamoja na wageni na kutembezwa kwa kamba kando ya barabara yenye magari, hawezi kuachwa ajifunze mwenyewe, kwa sababu kosa lake moja huweza kumfikisha mwenye mbwa mbele ya sheria. Uswisi, kwa mfano, iliwahi kuwalazimisha wenye mbwa kuhudhuria kozi, hadi sharti hilo la kitaifa lilipofutwa mwishoni mwa 2016. Nchini Marekani, chama cha American Kennel Club kilianzisha mwaka 1989 mtihani wa tabia njema wenye majaribio 10, na miongoni mwake hamna hata moja la kuchekesha: mbwa hutakiwa kumvumilia mgeni anayemkaribia, kutembea katikati ya watu bila kuvuta kamba, kurudi anapoitwa, na kutulia wakati mtu asiyemjua anapomchana manyoya, anapomtazama masikio na kumwinua miguu ya mbele mmoja baada ya mwingine. Jaribio hili la mwisho ndilo linalostahili kutazamwa kwa makini na msomaji wa pwani, kwa kuwa ule mguu unaotolewa kwa mchezo sebuleni ndio huohuo unaohitajika mezani kwa daktari wa mifugo.

Huko Bugarama, mahali ambapo milima ya Mirwa inateremka kuelekea ziwani, mbwa huishi nje. Hulala uani, huwafuata mbuzi, huenda shambani na watoto kati ya mihogo na michikichi, na karibu na mialo ya wavuvi huzurura kandokando ya vichanja vya waya vinavyoanikiwa ndagala, yaani dagaa wa ziwani. Ni nadra kumkuta mtu aliyeketi kumfundisha, lakini si kweli kwamba mbwa huyo hajafundishwa chochote, maana amejua kutofautisha sauti za wenyeji na za wapita njia, amejua mpaka wa ua wake bila kuonyeshwa uzio, na mengi katika hayo ameyapata kwa kumfuata mbwa aliyemtangulia. Elimu hii ya kuiga ina thamani yake, na mizani ya ughaibuni haijaipima vizuri. Mwanasaikolojia Stanley Coren, katika kitabu alichokitoa mwaka 1994 kuhusu akili za mbwa, alizipanga aina zao kwa wepesi wa kujifunza amri na kutii, akamweka basenji, yaani mbwa wa kuwindia wa Afrika ya Kati mwenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, ambaye habweki kama wengine, karibu na mkia wa orodha: nafasi ya 78 kati ya 79. Mnyama aliyezoeshwa kwa vizazi vingi kuamua mwenyewe porini, mbali na macho ya bwana wake, amepimwa kwa haraka ya kuketi anapoambiwa aketi. Kipimo hicho kinaeleza zaidi mahitaji ya sebule kuliko akili ya mbwa.

Kwa Waislamu wa Rumonge na mialo yake, wazo la mbwa aliyefundishwa si geni hata kidogo. Sura ya al-Maida, katika aya ya 4, inaruhusu kuliwa kwa windo lililokamatwa na wanyama waliofunzwa, na wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea Afrika Mashariki, wameweka masharti ya kumtambua mbwa wa namna hiyo: aende anapotumwa, asimame anapozuiwa, asile alichokamata, na tabia hizo zijirudie hadi ithibitike kuwa ni mafunzo wala si bahati. Ni ufafanuzi makini wa mafunzo, uliotangulia maabara za saikolojia kwa karne nyingi. Hata hivyo madhehebu hayohayo yanamhesabu mbwa kuwa najisi, hasa mate yake, na kwa sababu hiyo wengi humfukuza asiwaguse, na mara nyingi kinachotumika kumfukuza ni jiwe au fimbo. Waislamu si peke yao katika hili, kwani nyumba za Wakristo milimani nazo humwita mbwa kwa sauti na kumwondoa kwa jiwe. Matokeo ni mbwa anayejua kwamba mkono ulioinuliwa huleta maumivu, naye hukimbia au huuma kabla haujamfikia.

Hapo ndipo hasara inapokuwa kubwa. Kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi unaoshambulia ubongo na ambao, dalili zake zikishajitokeza, karibu kila mara huua, hukadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuchukua maisha ya watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya kila wahanga 10 wanne ni watoto walio chini ya miaka 15. Kinga yake inajulikana: mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wakichanjwa, na zoezi likarudiwa ipasavyo, maambukizi hukatika. Kisiwa cha Pemba, ambacho karibu wakazi wake wote ni Waislamu, kilifanya kampeni za chanjo kuanzia 2010, ugonjwa ukatoweka mwaka 2014, ukarudi 2016, na ukatokomezwa tena 2018. Lakini dawa ikiwa tayari na mchanjaji akiwa amefika, mbwa asiyeshikika hubaki nje ya ile asilimia 70, na pengine ndiye aliye hatari kuliko wote. Kuna pia dhara dogo la kila siku, nalo ni funza, wadudu wanaojichimbia katika ngozi ya miguu ya watu, ambao mbwa na nguruwe huwahifadhi na kuwasambaza uani. Mama anayewatoa funza watoto wake kila jioni hawezi kumaliza kazi hiyo ikiwa nyayo za mbwa hazijaguswa kamwe.

Njia ya kumzoesha mbwa mkono haihitaji kununuliwa kwa fedha za kigeni. B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1951 jinsi ya kumfundisha mnyama kwa kutumia mlio mfupi unaofuatwa mara moja na chakula, ili mnyama atambue ni tendo gani hasa lililomletea tuzo. Wataalamu huiita njia hiyo uimarishaji chanya, yaani kulikuza tendo kwa kulilipa badala ya kuadhibu tendo jingine. Watu wa Afrika Mashariki wanaitumia kwa ustadi tangu 2000 huko Morogoro, ambako shirika la APOPO, likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa mlio wa "tik" na kipande cha ndizi. Panyabuku Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Ikiwa panya ameweza kufundishwa hivyo na vijana wa Morogoro, mbwa wa Bugarama hawezi kusemwa kuwa ameshindikana.

Tuzo bora kuliko biskuti za madukani iko tayari pwani: ndagala mkavu, mdogo, mwenye harufu kali, anayemezwa kwa mara moja. Ughaibuni mwalimu huficha kitafunwa ndani ya ngumi, mbwa akanusa na kulamba, kisha akapara kwa mguu. Sekunde ileile mguu unapoinuka, mwalimu hutoa mlio na kufungua mkono. Kwa nyumba inayojikinga na mate, ndagala hufunikwa kwa kopo chini ardhini, mbwa akalipara kopo, mlio ukatolewa kwa ulimi, na ndagala mwingine akarushwa mbele yake. Baada ya marudio machache, kiganja kikavu huwekwa mahali pa kopo. Madhehebu ya Shafi yanasema unajisi huhama penye unyevu tu, kwa hiyo kugusa mguu mkavu kwa mkono mkavu hakumlazimishi mtu kuosha mara saba.

Mguu ukishatua kiganjani bila woga, kazi halisi ndiyo inaanza, na ni afadhali ifanywe na mtu mzima wa nyumba kabla ya kuachiwa mtoto. Mguu hushikwa kwa pumzi moja kisha huachwa na kulipwa, halafu kwa pumzi mbili, halafu vidole hutenganishwa ili pengo kati yake litazamwe kama lina funza. Mbwa akivuta mguu hasemeshwi kwa ukali. Mkono humwachia na somo hurudi hatua moja nyuma. Kutoka mguuni mkono hupanda begani, kisha kwenye ngozi ya shingo, ambayo hufinywa kidogo na kulipwa vilevile, kwa kuwa mara nyingi chanjo hudungwa chini ya ngozi hiyo. Somo lirudiwe hata katika wiki ambazo hakuna mchanjaji anayetarajiwa, maana mbwa anayeshikwa siku ya sindano tu hung'amua upesi, na safari ya pili hataonekana uani tangu alfajiri.