Droni Bora Haipigi Picha

Kila wiki lazima mtu aniulize kwa komenti: "Buda, droni gani ndio bora?" Mnataka nitaje modeli, bei, na duka pale Luthuli ambalo halitawauzia feki. Leo nawajibu, na najua wengine watasonga mbele kabla ya aya ya pili. Droni bora kuliko zote ninazozijua haina klipu hata moja ya kuposti. Haizunguki juu ya bibi harusi, haifuati Subaru ikishuka Mai Mahiu na muziki nyuma. Inabeba damu, inaiangusha, inarudi kwao. Basi.

Na anayesema hivyo ni mtu anayekula kwa picha za juu. Harusi, ruracio, ploti zinazouzwa Kitengela, mazishi ya wazee waliokuwa na jina. Chuo niliacha mwaka wa pili, na tangu hapo kodi ya keja inalipwa na kitu chenye propela nne nilichonunua mkono wa pili. Kwa hivyo sina kinyongo na kamera. Kamera ndiyo mwajiri wangu.

Lakini ukirusha kitu kwa muda mrefu unaanza kujiuliza kilitoka wapi.

Mwaka wa 1935 Waingereza walikuwa na ndege ndogo yenye mwili wa mbao, wakaiita Queen Bee, malkia wa nyuki. Iliongozwa kwa redio. Kazi yake ilikuwa kupigwa risasi: wanamaji wanajifunza shabaha, na hakuna rubani wa kuzikwa. Wamarekani wakatengeneza zao wakaziita drone, yaani dume la nyuki. Watanzania, ambao kwa Kiswahili wanatushinda kila siku, wanasema ndege nyuki, na mimi naona hilo ndilo jina lenyewe. Uliza ndovu. Kule Mara, watu wa Mara Elephant Project wamekuwa wakitumia droni kuondoa ndovu kwa mashamba ya watu. Mnyama wa tani kadhaa anatoroka kitu unachoweza kubeba kwa begi! Mwaka wa 2007 Lucy King na wenzake walionyesha, hapa hapa Kenya, kwamba ndovu wakisikia tu sauti ya nyuki waliokasirika kutoka kwa spika, wanatoka mbio. Sasa fikiria kwao droni inasikika kama nini.

Hiyo ndiyo sehemu tamu ya hadithi. Sehemu nyingine inaanzia kwa gereji. Abraham Karem, mhandisi aliyezaliwa Baghdad, akakulia Israel, akahamia Marekani, alianza kuunda ndege isiyo na rubani kwa gereji ya nyumba yake Los Angeles. Gereji, wasee. Droni za wakati huo zilikuwa zinaanguka ovyo. Yake ilikaa hewani saa nyingi mfululizo. Kutoka kwa kazi yake ndiyo ikazaliwa Predator, iliyoruka mara ya kwanza mwaka wa 1994. Mwanzoni Predator ilikuwa ya kuangalia tu. Kamera, kama yangu. Mwaka wa 2001 wakaifunga makombora ya Hellfire, na mwaka huo huo ikawa inaua Afghanistan. Kutoka kuangalia hadi kuua, miaka saba. Hiyo miaka saba huwa inanirudia kichwani nikiwa nachaji betri.

Huku kwetu droni iliingia kwa mlango mwingine: simu. Viwanda vilipoanza kutoa simu kwa mamilioni, vile vijisensa vinavyojua simu imelala au imesimama vikashuka bei, pamoja na GPS na betri za lithiamu. Frank Wang, aliyeanzisha DJI mwaka wa 2006 na kuijenga pale Shenzhen, akavipanga ndani ya mashine inayojishikilia hewani yenyewe. Phantom ya kwanza ikatoka 2013. Zamani ukiachilia rimoti, kitu kinaanguka. Sasa ukiachilia, kinakungoja hapo juu kama boda stejini. Ndiyo maana mtu kama mimi anaweza kulipwa.

Kitu ambacho video za mafunzo hazikuambii ni kwamba ukipanda mita mia moja, watu wanaisha. Wanabaki nukta. Kwa harusi ya binamu yangu kijijini nilimtafuta mathe kwa skrini nikamkosa, mpaka nikamtambua kwa mwavuli wake wa njano. Mama aliyenizaa, na kutoka juu alikuwa tone la rangi kwa nyasi. Bwana harusi aliilaikia hiyo video sana, akasema inakaa ya sinema. Mimi niliendelea kuona ule mwavuli.

Januari 2022, wakati wa vita vya Tigray, shambulio la droni liliangukia kambi ya watu waliotoroka makwao, mahali panapoitwa Dedebit, kaskazini mwa Ethiopia. Zaidi ya watu 50 walikufa. Jirani yetu huyo, si mbali. Nikisoma habari kama hiyo sifikirii bomu kwanza. Nafikiria skrini, na hao watu wakiwa nukta kwa nyasi ya mtu.

Ila usiniambie ni umbali peke yake. Ukraine na Urusi wanapigana kwa droni ndogo ambazo rubani anavaa miwani na kuona njia yote, na skrini inaonyesha mtu karibu kabisa mpaka picha inakatika. Anamwona mwenzake, na bado. DJI yenyewe ilisimamisha biashara nchi zote mbili Aprili 2022, lakini Mavic zimeendelea kuruka huko vitani. Hizo ni ndugu wa hii ninayobeba kwa begi nikienda kanisani Jumamosi.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kuposti. Siku chache baada ya tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo hakuna haja niwaeleze, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Jamaa mpole, Kiswahili kimenyooka. Alitaka nirushe droni kwa maandamano yaliyokuwa yanakuja. Doo aliyotaja ilikuwa mara tatu ya harusi. Nikauliza anataka video ya dakika ngapi. Akasema hataki video iliyokatwa, anataka memori kadi yote, na nishuke chini kidogo ili nyuso zionekane. Nikamuuliza ni kazi ya nani. Akasema ni utafiti.

Wakati huo wasee walikuwa wanachukuliwa kutoka kwa nyumba zao, na KNCHR ilikuwa inahesabu waliopotea. Nikamwambia betri zangu zimekufa. Akacheka, akasema betri atanunua yeye. Nilikata simu, na kwa wiki mbili nililala kwa beshte yangu upande mwingine wa tao.

Labda alikuwa mtafiti kweli. Lakini si ndiyo shida yenyewe? Picha ambayo ingeonyesha dunia vile tulikuwa wengi ndiyo hiyo hiyo ingemwonyesha mtu mmoja ofisini nani alikuwa mstari wa mbele, na amevaa viatu gani. Faili ni moja. Inategemea tu inatua kwa meza ya nani, na mimi niliyeishika rimoti sina usemi tena nikishatoa kadi.

Ndiyo nikaanza kuipenda ile ya damu. Haina haja na sura yako.

Oktoba 2016, kampuni inaitwa Zipline ilianza kurusha damu kutoka Muhanga, Rwanda. Hizi si za propela nne kama zetu. Zina mabawa kama ndege ya kawaida, zinarushwa na manati, zinakimbia kama kilomita 100 kwa saa, na zinafika hospitali zilizo umbali wa kama kilomita 80. Daktari anaagiza kwa simu. Ghalani mtu anapakia, ndege inatupwa hewani. Ikifika haitui. Inashuka chini kidogo, inaachilia kiboksi chenye parachuti ya karatasi, inageuka. Muuguzi anatoka nje, anaokota, anarudi ndani na mgonjwa. Ndege ikirudi kituoni inanaswa mkia kwa kamba iliyotandazwa hewani, kama samaki. Manze, mara ya kwanza kuona hiyo ya kunaswa nilirudia video kama mara kumi.

Na inafanya kazi. Utafiti uliochapishwa kwenye Lancet Global Health mwaka wa 2022 ulikuta droni zinafikisha damu kwa wastani wa kama dakika 50, na ukilinganisha na barabara, muda uliookolewa ni kati ya dakika 79 na 98. Damu iliyokuwa inaharibika hospitalini ikapungua kwa asilimia 67. Hiyo ya pili ndiyo watu hawaitaji, na mimi naona ina uzito sawa. Damu si soda. Kuna sehemu yake, zile chembe za kugandisha, ambayo haikai hata wiki mbili. Hospitali ndogo ikiweka akiba ya kila aina, nyingi itamwagwa. Isipoweka, siku ya hitaji haina. Kukiwa na ghala moja na kitu cha kuruka, hakuna haja ya kubahatisha.

Mama mdogo wangu, dada ya mathe anayemfuata, alijifungua salama. Mtoto akalia, watu wakaanza kupiga simu za pongezi, halafu damu ikakataa kusimama. Hospitali ilikuwa ndogo na damu ya aina yake haikuwepo. Wakatuma gari mjini. Ilikuwa Aprili, barabara ya murram, mnajua Aprili vile inakuwa. Gari lilirudi na damu. Yeye alikuwa ameshaenda. Mtoto ana miaka kumi sasa, na nikienda ushago ndiye anabeba begi langu la droni, hataki mtu mwingine aliguse.

Milima tunayo kama Rwanda, matope tunayo, akina mama wanaovuja damu tunao. Tofauti ilikuwa karatasi. Wao walikaa chini na kampuni, wakapanga vile ndege itaruka, ikaruka. Huku kwetu kanuni za droni zilitoka 2017, Bunge likazifuta 2018, zingine zikaja 2020. Katikati hapo hata mtu wa kupiga picha za harusi alikuwa anarusha akiangalia nyuma kama mwizi wa kuku. Zipline ilifika baadaye, upande wa Kisumu, na mambo yamefunguka kidogo. Siku hizi unasajili droni KCAA, unatafuta leseni, ukitaka kurusha mbugani unaomba KWS.

Na sina vita na hizo sheria. Mtu aliyepokea simu kama ile yangu hawezi kusema kila mtu arushe anachotaka juu ya vichwa vya watu. Ninachouliza ni zinamuuma nani. Karao atamsimamisha kijana mwenye droni ya nusu kilo kwa begi, aulize risiti, aulize leseni, aulize "sasa tunasaidiana aje." Mtu wa memori kadi, nani alimuuliza karatasi? Kama kuna kanuni ningeitaka iandikwe kwa herufi kubwa, ni ya picha: nani anaipata, anakaa nayo muda gani, na mimi niliye kwa hiyo picha nikitaka kujua, naenda ofisi gani. Hiyo ya kimo na kilo tayari iko.

Kwa sasa naweka pesa ya kozi ya leseni ya rubani wa droni. Si pesa kidogo; ni harusi nyingi. Mathe aliposikia neno kozi alifurahi kuliko vile nilitarajia, akauliza kama mwisho wake kuna gauni. Nikamwambia hapana, kuna mtihani tu. Akauliza nikimaliza nitakuwa napiga harusi za wakubwa. Nikamwambia nataka kuomba kazi kule upande wa Kisumu, hata kama ni ya kusimama kwa mvua nikipakia ndege kwa manati.

"Na picha?"

"Hakuna picha, mum."

Akanyamaza. Halafu akaniuliza kutoka huko hadi hospitali yetu ni kilomita ngapi. Si kwa barabara, akasema, barabara anaijua. Nikapima kwa ramani akiwa bado kwa laini. Kilomita 61.