Bustani ya Mungu na Kiazi cha Chikanda



Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua zinaponyesha, uwanda wa Kitulo huvaa mavazi yake ya sikukuu. Wenyeji wa nyanda zetu za juu kusini huuita Bustani ya Mungu. Mwaka 2005 Serikali iliufanya kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kutengwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Katika kilomita za mraba zipatazo 413 kuna aina 350 hivi za mimea, na miongoni mwake aina 45 za okidi ziotazo ardhini.

Msimu huu tulipanda huko pamoja na vijana wa parokia, kwa ile barabara itokayo Chimala kwenda Matamba, iitwayo Hamsini na Saba kwa hesabu ya kona zake. Kwenye mita 2,600 hivi, ambako baridi huuma hata adhuhuri, tuliwapa vijana sharti moja: kila mmoja achague ua, akae mbele yake nusu saa, asilichume. Mwanzoni walicheka. Baadaye kimya kikatanda, tukawasikia nyuki.

Binti mmoja akatuita kwa mkono. Alikuwa amemwona nyuki akitoka katika okidi, vifuko viwili vya njano vimemnata kichwani. Hivyo ndivyo vibebavyo chavua. Nyuma ya kila ua la okidi ile imo mirija miwili midogo mfano wa pembe, yenye maji matamu ndani yake. Mdudu akizamisha ulimi ayafikie, ua humbandika mzigo wake, naye huupeleka kwenye ua jingine pasipo kujua. Okidi nyingine humngoja nondo wa usiku mwenye ulimi mrefu. Mbegu itokanayo na safari hiyo ni kama vumbi. Haina akiba ya chakula, wala haistawi mpaka ikutane na kuvu wa udongoni. Ua lile halijitoshelezi. Linaishi kwa kutegemea jirani zake.

Ndipo kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Baba, haya ndiyo mama anayochimba."

Wengi wetu tunafahamu alichokisema. Chini ya okidi hizi kuna kiazi kidogo. Kikitwangwa na kupikwa pamoja na karanga hutoka chikanda, chakula kinachopendwa sana nchini Zambia. Viazi hivyo vimechimbwa kwa mamilioni katika milima yetu na kuvushwa mpakani. Ndani ya hifadhi sheria inakataza. Nje ya hifadhi, jembe na njaa ndivyo huamua. Kiazi king'olewacho kabla ua halijatoa mbegu hakiachi mrithi, na nyuki arudipo mwaka wa pili hukuta nyasi tupu.

Hatukumhubiria kijana yule. Mama yake haichukii Bustani ya Mungu. Anatafuta ada ya shule. Lakini hatukuweza pia kumwambia kwamba hakuna neno, kwa maana siku okidi zitakapokwisha, ada nayo itakosa mahali pa kutoka. Katika Kitabu cha Mwanzo mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, mambo mawili kwa agizo moja. Naye Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Anayelitetea ua akamsahau mama yule amesikia nusu. Anayemtetea mama akalisahau ua amesikia nusu nyingine.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogondogo zetu, juma hili, zijiulize bila kunyosheana vidole: ni nyumba zipi kwetu zinaishi kwa jembe la chikanda, nasi tunaweza kuzishika mkono kwa njia gani? Pengine ni mzinga wa nyuki, pengine ni mbegu ya viazi mviringo, pengine ni kumlipia mtoto muhula mmoja. Leteni majibu yenu katika kikao cha halmashauri ya walei. Nanyi mpitapo njiani kwenda shambani, simameni kidogo mbele ya ua lolote, mwangalie ni nani anayelitembelea.

Mungu awabariki nyote.