Pete ya Mchumba na Zile Glavu za Njano!

Msomaji wangu, naomba usinicheke. Mimi ndiye yule binti aliyevua pete ya uchumba wiki ya tatu tu baada ya kuvishwa, hapa hapa Isikizya, maneno yakasambaa kuanzia stendi mpaka kwenye korido za halmashauri kwamba nimepata mwingine mwenye pesa. Hakukuwa na mwingine. Kulikuwa na masufuria.

Mwaka 2022 niliingia kazini kwenye mgahawa mmoja, jina kapuni. Isikizya ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Uyui, kwa hiyo wateja wetu wengi ni watu wa ofisini: asubuhi supu na chapati, mchana ugali na wali maharage, jioni chai kwa wale wasiotaka kurudi nyumbani mapema (mnajijua!). Mimi nilikuwa wa vyombo. Saa kumi na mbili asubuhi mikono ndani ya beseni, saa kumi jioni ndiyo naitoa. Beseni la kwanza sabuni ya maji, ile ya kupimiwa kwenye chupa iliyokuwa ya soda, beseni la pili la kusuuza. Ukoko wa ugali unautoa kwa stiliwaya. Siku ya usafi bosi anamwagia na dawa ya kufanya nguo nyeupe, eti vyombo ving'ae. Ujira shilingi 5,000 kwa siku na chakula.

Kilichoanza ni muwasho chini ya pete. Kidoti chekundu tu, nikadhani mbu. Baada ya siku chache ngozi ikawa kama ya samaki, ikapasuka, na ukishika ndimu au pilipili unamwona marehemu babu yako laivu. Nikavua pete nikaifunga kwenye kona ya khanga. Hapo ndipo kosa langu: sikumwambia mtu.

Mchumba wangu ni dereva wa bodaboda, na bodaboda husikia kila kitu. Alikuja jioni, hakukaa hata kwenye kiti. "Pete iko wapi?" Nikamwonyesha mkono. Akautazama, akarudi nyuma hatua moja. Ile hatua moja sijaisahau mpaka leo.

Maana upele wakati huo ulikuwa umeshika vidole vyote kumi. Wateja wakaanza kuangalia. Dada mmoja wa ofisini alirudisha sahani akaomba nyingine "iliyooshwa na mwenzako". Nyuma ya jiko wakasema nina ngoma. Nilikwenda kupima peke yangu nisije nikawa najidanganya, nikakutwa salama, lakini karatasi ile ungemwonyesha nani? Huwezi kuibandika kifuani ukahudumia watu.

Kila mtu akawa daktari. Huyu maji ya chumvi, yule ndimu, mwingine akaniletea mafuta ya taa! Muuza duka la dawa akanipa krimu ya mchanganyiko, kila ugonjwa umo humo. Siku tatu mkono ukatakata, nikaimba. Nilipoacha ukarudi kwa hasira, na ngozi imekuwa nyembamba kama ya kitunguu. Baadaye nikaambiwa krimu zile nyingi zina steroidi kali, ukijipakia holela kwa muda mrefu zinakula ngozi.

Bibi yangu naye alikuwa na lake. Sisi Wanyamwezi, anasema, ni watu wa mizigo; wazee wetu wamebeba pembe kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, na bega lenye sugu lilikuwa fahari ya mwanamume. "Vumilia mjukuu wangu, mikono itaota sugu." Nikavumilia. Kumbe, bibi yangu nakuheshimu sana, sugu huota kwenye kazi kavu. Jembe linaota sugu, mtwangio unaota sugu. Maji na sabuni kazi yake ni kinyume: vinayeyusha yale mafuta yanayoshikilia ngozi ya juu, ngozi inalainika, inafunguka, halafu sabuni inaingia ndani kabisa. Hakuna kuzoea hapo.

Bosi naye akaona wateja wanapungua. Akaninunulia glavu za njano, zile nene za mpira, na akazikata kwenye ujira wangu. Nikamshukuru jamani! Wiki ya kwanza raha. Wiki ya pili malengelenge madogo madogo yakatoka nyuma ya kiganja, yakapanda mpaka yakafika kifundoni, yakaishia pale pale. Mstari mnyoofu kama bangili. Juu ya mstari ngozi ya bibi harusi, chini ya mstari msiba.

Siku hiyo nilipanda basi dogo mpaka Tabora mjini, na 12,000 yangu mkononi, nikiwa nimeamua kwamba nikitoka huko ama napona ama naacha kazi. Mganga wa ngozi niliyemkuta alikuwa mama mtu mzima, miwani puani. Nikampa shikamoo nikaficha mikono. Alipoivuta mezani hata hakuvaa glavu. Aliishika hivi hivi, akaigeuza. Msomaji, nilikaribia kulia, miezi minne hakuna aliyekuwa amenishika mkono.

"Mwanangu, una magonjwa mawili," akasema, "na la pili umelinunua dukani." La kwanza ukurutu wa maji na sabuni, ambao hupenda sana kuanzia chini ya pete kwa sababu sabuni inajificha pale na haisuuziki. Halimwambukizi mtu. La pili mzio. Glavu za mpira hutiwa dawa kiwandani ili mpira uwe imara, na kuna ngozi zinazozikataa dawa hizo. Upele hauji palepale, unachukua siku moja au mbili, ndiyo maana mtu hashtukii. Mstari wa kifundoni ndiyo uliomwambia. Akaniuliza kama ndizi, parachichi au papai vinaniwasha mdomo. Nikasema hapana. Akapumua: kuna wanaoukataa mpira wenyewe, hao wengine huwashwa na matunda hayo, na wao huvimba kwa dakika, hata pumzi inaweza kukata.

Dawa aliyonipa ilikuwa ndogo kuliko maneno. Glavu za plastiki, si za mpira, na ndani yake za pamba, kwa sababu jasho nalo ni maji. Zikilowa ndani, vua. Mafuta ya mgando kila nikitoka kwenye beseni na kabla ya kulala. Zaidi ya yote, punguza maji. Akanieleza kwamba Ujerumani mikono ikilowa zaidi ya saa mbili kwa siku sheria inahesabu ni kazi ya maji na mwajiri ana la kufanya. Saa mbili! Mimi nilikuwa nafanya kumi.

Hata sisi sheria zipo. Ya usalama mahali pa kazi ni ya mwaka 2003, ya fidia kwa wafanyakazi ni ya 2008, na mfuko wake anauchangia mwajiri, si wewe. Lakini nenda kamwambie bosi ambaye hana hata daftari la mahudhurio! Nilichopata kwake ni kugawana zamu: asubuhi naosha, mchana nachambua mchele na kusukuma chapati. Na glavu nikajinunulia.

Mikono ilichukua karibu miezi mitatu. Mchumba alirudi kabla haijapona, akakaa kwenye kiti, akaomba ajipake yeye yale mafuta mikononi mwangu. Nikamwacha apake. Ile hatua moja bado hatujaizungumza. Pete navaa nikitoka kazini, mama mkwe akija mgahawani bado ananihesabu vidole kwa macho.

Zamu ya mchana sasa anaosha binti mpya, ana miaka kumi na tisa. Juzi nimemwona anajikuna chini ya pete yake ya shanga. Nikamwita nyuma ya jiko.